Mshahara wa Jumamosi

Mjengo hulipa Jumamosi. Kwa fundi Msabato wa Riruta Satellite miaka ya 1990, huo ndio uliokuwa mtihani wa imani, wala si mahubiri ya mtu. Wenzake wakipanga foleni kupokea hela za wiki, yeye yuko kanisani chini ya mabati. Pesa zake ama zitaletwa na jirani mwaminifu, ama zitangoja Jumatatu. Baba alikuwa fundi wa aina hiyo; jirani yake alikuwa Mkatoliki, na sidhani kuna mzee wa kanisa aliyeitunza Sabato ya nyumba yetu kumshinda yeye.

Wengi wetu tulitoka Kisii na Nyanza Kusini, na dini tulikuja nayo kutoka nyumbani. Mwaka 1906 Mkanada Arthur Carscallen na Peter Nyambo wa Nyasaland walifungua misheni ya Wasabato Gendia, karibu na Kendu Bay. Nyanchwa ya Kisii ikafuata 1912. Hata lesoni za Shule ya Sabato tulizosoma Nairobi zilichapwa Kendu Bay.

Ijumaa jua likielekea Dagoretti na Sabato ikikaribia kuingia, viatu vimeshang'arishwa, githeri imeiva, maji yamejaa mitungini. Chai haikuwepo, maana kanisa liliikataa; tulikunywa soya. Ajabu ni kwamba karo zetu zililipwa na majani chai ya shamba la babu kule Nyamira. Kuichuma na kuiuza, sawa, kuinywa, hapana. Nilipomuuliza nyanya, alinijibu kwamba ng'ombe naye hula nyasi, mbona mimi sili?

Katika Shule ya Sabato, katibu wa darasa alifungua kadi na kuuliza. Wangapi wamesoma lesoni kila siku? Wagonjwa wangapi wametembelewa? Trakti ngapi zimegawanywa? Mikono ikainuka, akaandika. Sisi watoto tulitaka hesabu nzuri, basi Sabato alasiri tulikimbilia Kabiria kwa bibi mmoja asiyeona, tukamwimbia na kumsimulia habari za mtaa. Wapo waliosema kuhesabu wema ni ufarisayo. Mimi nasema bibi yule hakujali tulikuja kwa sababu gani, ili mradi tulikuja.

Agosti, shule zikifungwa, ilikuwa zamu ya kurudi nyumbani na efoti, yaani mikutano ya injili. Vipaza sauti na jenereta vilipakiwa juu ya basi, na wiki nzima mhubiri akanguruma jioni katika uwanja wa shule ya msingi. Picha za filamu zilipooneshwa kwenye shuka jeupe, hata walevi walitulia. Lakini asubuhi, mhubiri akiwa bado anapumzika, akina mama wa Dorkasi, kundi la huduma la kanisa, walikuwa wameshaingia kwenye maboma ya wajane: huyu anapalilia mahindi, yule anakanda ukuta kwa udongo. Ripoti ilisema watu wamebatizwa kwa mahubiri. Haya.

Waliobatizwa kule hawakukaa kule wote. Mwaka mmoja au miwili ukipita, kijana alishuka Nairobi na begi moja na barua ya ushirika kutoka kanisa la kwao. Karani alilisoma jina lake Sabato hii, akalirudia Sabato iliyofuata, ndipo washiriki wakainua mikono kumpokea. Huo ulikuwa utaratibu. Ila wazee hawakungoja jina lisomwe mara ya pili; siku ile ile ya kwanza, mlangoni, walishamuuliza analala wapi, na kama anajua kubeba mawe, maana Jumatatu kuna mjengo Kawangware unatafuta watu.