Chema Chajiuza?

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii niliifundisha kwa zaidi ya miaka 30. Niliiandika ubaoni mara nisizoweza kuzihesabu, na kila nilipouliza maana yake, mikono ilinyooshwa darasa zima. Sikudhani ingekuja siku ambapo mimi ndiye ningeulizwa maana hiyo, tena na mjukuu wangu, kibarazani kwangu.

Mjukuu huyu ana umri wa miaka 26. Aliacha kazi katika duka la simu huko Dar es Salaam ili atengeneze mchezo wa kompyuta, ambao vijana huuita gemu. Kwa muda wa miaka miwili akiba yake yote iliishia humo, na mama yake, ambaye ni binti yangu, akawa anamlipia kodi ya chumba. Mchezo wenyewe unaitwa "Konda". Mchezaji hupakia abiria wa daladala, hukusanya nauli, hurudisha chenji, na yote hayo ayafanye kabla dereva hajaondoa gari. Nilijaribu kuucheza. Nikamrudishia abiria mmoja shilingi elfu kumi badala ya elfu moja, na gari zima likanicheka. Ni mchezo mzuri, wenye utani wa kwetu.

"Babu," aliniambia, "siku hizi chema hakijiuzi. Chema na kibaya vyote vinajitembeza, tena barabara moja."

Akanieleza. Mchezo wake utauzwa katika duka la mtandaoni liitwalo Steam, mali ya kampuni ya Valve ya Marekani. Mtengenezaji hulipa dola 100 kwa kila mchezo anaouingiza. Katika mwaka 2024 peke yake, duka hilo lilipokea michezo mipya zaidi ya 18,000. Mwalimu haachi hesabu: niligawanya kwa siku za mwaka, nikapata karibu 50 kwa siku. Na mnunuzi apitaye katika orodha hiyo hauoni mchezo. Huona jalada tu, yaani kijipicha chenye jina. Katika baadhi ya sehemu za duka kijipicha hicho hupunguzwa hadi vinukta 120 kwa upana na 45 kwa kimo. Kwenye kioo cha kompyuta ya kawaida, hizo ni kama sentimita tatu kwa moja na kitu. Kibandiko cha kiberiti ni kikubwa kuliko hapo.

Ndipo akanionyesha jalada alilolichora. Daladala lilikuwa limeruka hewani, nyuma yake moto mkubwa, abiria wakipiga mayowe madirishani, na jina la mchezo limeandikwa kwa herufi nyembamba za mapambo. Alinitazama usoni kama mwanafunzi anayesubiri vyema.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulikuwa na mkufunzi wa zana za kufundishia ambaye hakupenda maneno mengi. Ulipomletea picha ya kufundishia, aliitundika ukutani, akatembea hadi nyuma ya darasa, akavua miwani. Kile ambacho hakukiona bila miwani, alikihesabu kuwa hakikuchorwa. Alikuwa akisema kuwa picha haichorwi kwa ajili ya mtoto wa dawati la mbele, maana huyo hata usipomchorea ataelewa.

Nikamwomba mjukuu wangu apunguze picha yake hadi ukubwa ule wa dukani, aisimamishe simu mezani, kisha turudi nyuma hatua tano. Nikavua miwani, naye nikamwambia afumbe macho nusu. Moto ukawa doa la rangi ya chungwa. Gari likamezwa na doa. Abiria wakapotea wote. Herufi za jina zikawa kama siafu waliokanyagwa.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Naona embe bivu," akajibu, na tukacheka wote wawili.

Hilo lilikuwa kosa la mkono, nalo hurekebishika. Lipo kosa jingine lililonisumbua zaidi. "Katika mchezo wako," nikamuuliza, "gari linaungua wapi?"

"Haliungui, Babu. Lakini moto unavuta macho."

Jioni ile tulikaa tukitazama majalada ya zamani ya michezo, naye akinieleza. Tulianza na Adventure, mchezo wa mwaka 1980 wa mashine ya Atari. Juu ya boksi kulichorwa joka na ngome kwa ufundi wa hali ya juu. Ndani ya mchezo shujaa ni mraba mtupu, na majoka yanafanana na bata. Je, jalada lile lilidanganya? Nililifikiri sana swali hilo. Nadhani hapana. Joka lilikuwamo, na ngome ilikuwamo, ila mashine ya wakati ule haikuwa na uwezo wa kuvichora vizuri. Jalada lilimwazima mtoto macho ya kuutazama ule mraba na kumwona shujaa.

Kisha tukaja kwa Mega Man, mchezo wa Japani wa mwaka 1987. Shujaa wake ni mvulana wa roboti ambaye mkono wake wenyewe ni mzinga. Jalada la Marekani likamchora mtu mzima aliyeshika bastola. Mtu yule hayumo, na bastola ile haimo. Hapo mchoraji hakupamba kilichopo, aliahidi kisichokuwapo.

Lililonikaa moyoni ni ICO, la mwaka 2001. Fumito Ueda, aliyeubuni mchezo huo, alichora mwenyewe jalada lililotumika Japani na Ulaya, akifuata mtindo wa mchoraji Giorgio de Chirico. Lina uwanja mpana mtupu, majengo yenye vivuli virefu, na watoto wawili wadogo kabisa walioshikana mikono. Kwa Marekani likatengenezwa jalada jingine, mvulana amewekwa mbele, mkubwa. Sasa mchezo wenyewe ni nini? Ni mvulana anayemshika msichana mkono na kumtoa katika ngome kubwa. Ueda alichora hasa kile kilichomo: udogo wao, ukubwa wa mahali, na ile mikono iliyoshikana.

Hapo nikaona sina budi kumwambia mjukuu wangu jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu wa nyumbani.

Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi. Tulikuwa na upungufu mkubwa wa madawati, tukaamua kuchapa kalenda na kuiuza ili tupate fedha. Nikamwita mchoraji wa mabango aichore shule kwa ajili ya jalada la kalenda. Alipomaliza, niliona shule imekuwa duni machoni. Nikamwambia aongeze jengo lenye madirisha ya vioo, na juu ya mlango aandike "Maktaba". Nilijiambia kwamba tutalijenga. Kalenda ziliuzwa zote.

Januari iliyofuata alifika mama mmoja na mwanawe wa darasa la tano. Walikuwa wamepanda basi tangu alfajiri, na uhamisho wa mtoto alikuwa nao mkononi. Baada ya salamu akasema, "Mwalimu, mtoto huyu anapenda sana kusoma. Naomba umwonyeshe maktaba."

Niliwapeleka stoo. Nikafungua kabati lenye vitabu vya kiada vilivyochakaa. Mtoto alitazama kabati, akamtazama mama yake. Mama hakugomba. Alisema tu, "Haya, Mwalimu. Picha ilikuwa nzuri." Kisha akamwacha mtoto kwa ndugu yake wa pale kijijini, kwani nauli ya kurudi naye hakuwa nayo.

Mjukuu wangu alinyamaza kwa muda. Mwishowe akaniambia kwamba huko Steam mnunuzi anaweza kurudisha mchezo na kudai fedha zake ndani ya siku 14, ikiwa hajaucheza kwa saa mbili. Nikamwambia basi wanunuzi wake wana bahati. Mama yule hakuwa na pa kurudisha.

Jalada la sasa alilichora upya kwa siku nne. Ni mkono mmoja tu unaotoka kwenye mlango wa daladala, noti zimekunjwa kwa urefu na kubanwa katikati ya vidole, kama makonda wanavyozishika. Nyuma ni rangi ya njano isiyo na kitu, mkono ni mweusi wa kukoza, na neno "Konda" limeandikwa kwa herufi nene zinazojaza nafasi. Maneno mengine hakuna. Tangu Septemba 1, 2022, duka hilo halikubali sifa, tuzo wala matangazo ya punguzo juu ya majalada. Tulirudi nyuma hatua tano, nikavua miwani. Niliuona mkono, nikaziona noti, nikalisoma jina.

Je, utauzika? Siwezi kuapa. Binti yangu bado analipa kodi ya chumba, na michezo 50 mingine iliingia siku hiyohiyo. Methali yangu naona ina ukweli nusu: chema hakijiuzi kikiwa kimefichika, hivyo jalada lina wajibu wa kukitoa hadharani. Lakini likishamwita mtu, lazima limwitie kitu kilichopo.

"Yule mama alirudi tena shuleni?" mjukuu wangu aliniuliza alipokuwa akifunga mizigo yake.

Alirudi, siku ya mahafali ya darasa la saba. Mwanawe alikuwa wa pili katika darasa lake. Alinipa mkono, akanishukuru. Habari ya maktaba hakuiuliza, nami hadi nastaafu sikupata ya kumwonyesha.