SHEPU YA SIMU: Mrembo Aliyeuogopa Mwili Wake na Miwani ya VR Inayowasaidia Wenzake Ulaya

Mjini kuna mrembo mmoja, jina kapuni, ambaye ukikutana naye kwenye simu lazima kidole kisimame. Kiuno cha nyigu, hipsi za kumwaga, ngozi haina hata chunusi moja. Ametokea kwenye video kadhaa za Bongo Fleva, amepiga dili za kutangaza madera na vipodozi, na mashabiki wamembatiza jina la Shepu.

Kitu ambacho mashabiki hawakijui ni kwamba kuna kipindi Shepu alimaliza karibu mwaka mzima bila kutoka nyumbani mchana. Hadaiwi na mtu, hana kesi na mtu. Alikuwa anaogopa kuonekana.

Ilianza kiutani tu. Picha moja alibana kiuno kidogo kwa programu ya kuediti, laiki zikapanda. Ya pili akavuta hipsi, zikapanda zaidi. Mwanzo kazi hiyo ilikuwa ya dakika mbili, baadaye ikawa saa nzima kwa picha moja, mwisho akawa hawezi kutupia picha hata ya kidole bila kuigusa.

Siku moja akaenda kununua chipsi mayai Sinza. Kijana mmoja akampiga picha kwa pembeni, yeye hana habari. Hakuna filta, hakuna pozi. Picha ikasambaa na maneno matatu: "Kumbe picha tu!"

Komenti za siku ile anazikumbuka mpaka leo. Mmoja alisema huwa anavaa kigodoro. Mwingine akasema Mchina umeisha nguvu. Mwingine akamalizia kwamba huyu naye ni bonge tu kama mabonge wengine wa mtaani, kilichombeba ni simu.

Baada ya hapo kioo cha kabati kikafunikwa kanga. Akaanza kukwepa chakula. Mama yake akimpakulia, anajibu ameshakula kwa shoga yake. Akienda kwa shoga yake, anasema ametoka kula kwa mama. Siku alipoanguka saluni akiwa anasukwa, watu wakasema ana mimba. Mama yake akasema mwanangu karogwa.

Kuanguka kwenyewe Shepu alikuchukulia poa. Kilichomshtua ni mdogo wake wa miaka 13, aliyemfuata kitandani jioni ile ile na simu mkononi. "Dada, na mimi nibane kiuno basi, nataka kubadilisha profaili."

Wiki chache baadaye shoga yake alimtoa ndani kwa nguvu. Wakasubiri giza liingie, Shepu akavaa bwanga na mtandio, wakaenda kwenye jengo moja la maduka lenye sehemu ya gemu. Pale kuna ile miwani mikubwa inayoziba macho yote, wenyewe wanaiita VR. Ukiivaa unajikuta uko kwenye dunia nyingine kabisa, ukigeuza kichwa na dunia nayo inageuka. Shepu akavalishwa, akashikishwa rimoti mbili, akaangalia chini. Mwili wake haupo! Kuna mikono ya roboti, ya bluu, na kila akisogeza wake, wa roboti nao unasogea.

Baada ya dakika kama tano akauliza, "Kaka, mbona nahisi kama hii mikono ni yangu?"

Yule kijana akacheka. "Ndio utamu wake dada. Ubongo unazoea haraka sana."

Usiku ule Shepu hakulala. Aliingia Google na swali moja: kama ubongo wake umekubali mikono ya roboti ndani ya dakika tano, kwa nini umegoma kuukubali mwili aliozaliwa nao?

Kumbe kuna watu wanalihangaikia swali hilo miaka mingi. Mwaka 1998 watafiti wawili, Matthew Botvinick na Jonathan Cohen, walionesha jaribio jepesi sana. Unaficha mkono wa mtu, mbele yake unaweka mkono wa mpira, halafu unaipapasa yote miwili kwa brashi kwa wakati mmoja. Muda si mrefu mtu anaanza kuhisi ule wa mpira ndio wake. Maana yake, hisia kwamba "huu ni mwili wangu" inatengenezwa na ubongo kwa kuunganisha kile macho yanachoona na kile ngozi inachohisi. Na kama inatengenezwa, inaweza kukosewa. Mtu anaweza kutembea miaka na picha ya mwili kichwani ambayo siyo ya kwake.

Hapo ndipo VR ilipoingia kwenye matibabu. Italia, mwanasaikolojia Giuseppe Riva alianza kuitumia kwa watu wenye matatizo ya kula tangu miaka ya 1990. Uholanzi, pale Chuo Kikuu cha Utrecht, mtafiti Anouk Keizer na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2016. Waliwavalisha miwani wanawake wenye anoreksia, ule ugonjwa wa mtu kujinyima chakula mpaka anabaki mifupa huku akijiona mnene. Ndani ya miwani kila mmoja aliona mwili wa mwanamke mwenye uzito wa kawaida, ukiwa pale pale ulipo wa kwake, tumbo likipapaswa kwa brashi. Na tumbo lake halisi nalo likapapaswa vivyo hivyo. Kabla ya zoezi, wanawake hao walikuwa wakikadiria miili yao kuwa mipana kuliko ilivyo. Baada ya zoezi makadirio yakashuka, na walipopimwa tena zaidi ya saa mbili baadaye, yalikuwa bado hayajarudi juu.

Ila iliyomkamata Shepu ni ya Barcelona. Hiyo aliisoma mara tatu.

Pale Chuo Kikuu cha Barcelona, José Gutiérrez-Maldonado, Bruno Porras-Garcia na wenzao walikuwa wakimtengenezea mgonjwa avata, yaani mwili wa kwenye kompyuta wenye umbo linalofanana na la kwake. Anavaa miwani, anafungwa vifaa mikononi na miguuni, anajikuta amesimama mbele ya kioo kikubwa. Akiinua mkono, aliye kwenye kioo anainua. Akipiga hatua, naye anapiga. Anaguswa tumboni au pajani, na kwenye kioo anaona anaguswa pale pale. Mpaka hapo ubongo umeshasema huyu ni mimi.

Kisha kazi inaanza. Mtaalamu anamwongoza aangalie mwili wake sehemu kwa sehemu, aseme anachohisi na hofu yake imefika wapi. Hafungi macho wala hakimbii, mpaka hofu ishuke. Ikishuka, avata inaongezwa unene kidogo. Hofu inapanda tena, anasubiri tena, inashuka tena. Hivyo hivyo mpaka afikie uzito wa mtu mwenye afya, ule uzito anaouogopa kuliko kitu chochote.

Matokeo waliyoyatoa mwaka 2021 yalihusu wagonjwa 35. Wote waliendelea na tiba yao ya kawaida, lakini sehemu yao waliongezewa mara tano za kusimama mbele ya kioo kile. Walioongezewa walimaliza wakiwa na hofu ndogo ya kunenepa kuliko wenzao. Watu 35 ni wachache, na miwani haikufanya kazi peke yake. Lakini si haba.

Sasa cheki kitu kimoja hapo, mdau. Hakuna aliyebanwa kiuno. Hakuna aliyewekewa filta ili ajione mzuri, wala avata haimsifii mtu. Teknolojia yote ile imewekwa pale ili mtu abaki na mwili wake bila kuukimbia.

Programu ya kuediti inafanya kinyume chake. Kila hofu inapokuja, inakufungulia mlango wa nyuma: bana hapa, futa pale. Unapumua dakika moja. Kesho hofu inarudi kubwa zaidi, kwa sababu sasa kuna mtu wawili, yule wa kwenye simu na wewe, na kazi yako ni kuhakikisha hawakutani barabarani. Shepu aliifanya kazi hiyo miaka mitatu. Ilimlipa, na ikamla.

Kuna wadau watasema haya ni magonjwa ya Wazungu, Mwafrika anajivunia mwili. Wafiji nao walikuwa hivyo. Visiwani Fiji mwili mkubwa ulikuwa heshima na dalili ya kutunzwa vizuri. Mwaka 1995 televisheni ikafika mkoa wa Nadroga. Mtafiti Anne Becker alikuwa pale, akawahoji wasichana wa shule mwaka huo, kisha akahoji wengine mwaka 1998. Mwanzoni hakuna msichana aliyesema anajitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye walikuwa kama 11 katika kila 100. Na hiyo ilikuwa TV ya sebuleni, inayozimwa usiku. Haikuwa simu inayolala chini ya mto.

Halafu ieleweke, miwani ya kuchezea gemu haitibu mtu. Ukiivaa bila mtaalamu, ukaangalia mwili unaouchukia, unaweza kujiumiza zaidi. Na mtu aliyefikia hatua ya kuacha kula na kuanguka anatakiwa awahishwe hospitali. Mambo ya kioo yanafuata baadaye.

Shepu hakuwa na nauli ya Barcelona. Alichopata ni mwanasaikolojia wa hospitali moja hapa hapa mjini, na hata huko alienda kwa kujificha, maana Bongo ukisema unamwona mtu wa saikolojia watu wanakuuliza lini unapelekwa Mirembe. Aliingia na simu yake, akamwonesha yule mama habari za Barcelona, akauliza kama ipo.

"Miwani sina mwanangu," mama akamjibu. "Ila kioo ninacho."

Kumbe tiba ya kusimama mbele ya kioo ilikuwepo kabla ya VR, na ya kioo cha kawaida inatumika mpaka leo. Miwani imeongeza tu uwezo wa kuubadilisha mwili kidogo kidogo. Shepu akasimamishwa, akaambiwa ajielezee kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu kama anamwelekeza mtu kwa simu, bila tusi hata moja. Siku ya kwanza alifika mabegani akalia. Neno "baya" lilimtoka mara nyingi mno. Mama akawa anamrudisha: mabaya siyo maelezo, sema mapana au membamba. Ilichukua wiki kadhaa kulifikia tumbo.

Leo Shepu anakula, japo kuna siku anabishana na sahani. Kanga imetoka kwenye kabati. Ametupia picha chache ambazo hazijaguswa, laiki zimeshuka, na bosi mmoja wa madera amekaa kimya tangu hapo. Hilo linamuuma na hafichi, kwa sababu kodi ya nyumba hailipwi kwa amani ya moyo.

Mdogo wake bado anaomba kubanwa kiuno. Safari hii Shepu hakumpa hotuba. Alimsimamisha mbele ya kabati, akasimama naye, akamwambia, "Haya, nielekeze ulivyo. Anzia juu."

Mtoto akaanza: "Nina nywele fupi..."

Vipi mdau, picha yako ya mwisho ilikuchukua dakika ngapi kabla hujaitupia?