Koki Kuu ya Nyumba

Nimekuwa fundi bomba Dar es Salaam tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kazi nilifundishwa na mjomba wangu, enzi ambazo mabomba mengi ya majumbani yalikuwa ya chuma. Tulichonga uzi kwa mkono, tukauzungushia katani, tukapaka rangi ya mafuta, kisha tukakaza kwa spana. Siku hizi katani imeipisha tepu nyeupe, na chuma kimeipisha plastiki inayounganishwa kwa moto. Lakini yanayonipeleka majumbani mwa watu ni yale yale: koki inayodondosha, sinki lililoziba, choo kinachopitisha maji usiku kucha.

Nilitambua mapema kwamba nyingi ya kazi hizo mwenye nyumba anaziweza, akionyeshwa mara moja tu. Nikaanza kuwaonyesha wateja. Mafundi wenzangu walinionya kwamba najitia kitumbua mchanga. Sikuwasikiliza, kwa sababu nilikuwa nawaona watu wanaosubiri fundi siku tatu huku maji wanayoyalipia yakienda na mtaro.

Somo langu la kwanza kila nyumba lilikuwa koki kuu. Mgao wa maji unafahamika kwa kila familia ya jiji hili. Mtu anafungua koki mchana, anaikuta kavu, anaiacha wazi na kutoka. Maji yanarudi usiku wa manane. Nimeitwa kwenye nyumba ambazo godoro linaelea na watu wazima wanahangaika na matambara, na hakuna hata mmoja anayejua maji yanafungiwa wapi.

Somo la pili, la koki zinazodondosha, nililitoa mara nyingi zaidi kwa kinamama, maana wao ndio wanaoshinda na koki hizo. Namkumbuka mama mmoja wa Temeke ambaye koki yake ya jikoni ilikuwa ikidondosha miezi na miezi. Nilimpa spana, nami nikasimama pembeni. Alifunga koki kuu, akafungua ile ya jikoni maji yaliyobaki yakaisha, akakifungua kichwa chake taratibu. Chini yake akaikuta wosha, kile kijimpira cha duara, imelika upande mmoja na kukauka. Akaweka mpya ya nusu inchi, akarudishia kichwa, akakaza bila kutumia nguvu nyingi. Alipofungua maji na kufunga tena, hakuna tone lililodondoka. “Fundi, kumbe ni haka tu?” aliniuliza. Nikamjibu, “Ni hako tu, mama.”

Choo kinachovuja kimyakimya kina kipimo chake. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, kaa nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini ndani ya tangi umechoka, badilisha. Sinki likiziba, weka ndoo chini ya ule mkunjo wa bomba, fungua nati zake kwa mkono, toa ukoko na mafuta yaliyoganda, osha, rudishia. Usimimine maji yanayochemka kwenye bomba la plastiki, kwani yanalilegeza. Magadi makali yanayouzwa kwa ajili ya kuzibua nayo yaache: yanachoma ngozi na macho, na fundi atakayefungua bomba hilo baada yako ndiye atakayerukiwa.

Umeme na gesi sijawahi kumfundisha mteja kuchezea. Hita ya maji ikipiga shoti, kazi ya mwenye nyumba ni kuzima swichi kuu na kumwita mwenye ujuzi. Mtungi ukinuka, funga valvu yake, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima taa.

Kitumbua changu hakikuingia mchanga. Wale niliowaonyesha kubadilisha wosha ndio walioniita walipojenga, walipoweka matangi na walipowatafutia ndugu zao fundi. Mteja akishakuamini katika dogo, kubwa hampelekei mwingine.

Nawe unayesoma, tafuta koki kuu ya nyumba yako leo hii. Ifunge, kisha uifungue. Ikiwa imeganda, ita fundi aibadilishe sasa, wakati nyumba ni kavu. Kisha waonyeshe watoto na dada wa kazi mahali ilipo, kwa maana maji yakifurika huenda wao ndio watakaokuwa nyumbani.