Nilipandia paa kunde, jirani akapata kitoweo

Wasee, hii stori nimekaa nayo tangu masika. Kila nikiifungua ile video naifunga.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili nilirudi Adu kwa hawe. Adu, yaani unapita Marafa, unaendelea na boda mpaka vumbi likujae masikioni, na mbele ni vichaka tu kuelekea Galana na Tsavo. Nilikuwa na simu, bando la wiki na wakati mwingi sana.

Ndipo nikaanza kuangalia wazee wa Marekani wanaolimia paa. Paa wao ni wakubwa, pembe kama matawi. Baridi ikiisha wanapima udongo, wanamwaga mbegu za klova, halafu wanafunga kamera kwenye mti na kusubiri. Na wengine wanapanda kunde! Kunde hizi hizi zilizotoka Afrika, zikavuka bahari enzi za utumwa, leo analimiwa mnyama. Nilimwonyesha hawe akacheka mpaka akashika mbavu.

"Sisi twalala shambani kufukuza, wao wanakaribisha?"

Mimi nikaona kontenti. Nikachukua kipande ukingoni mwa shamba, hatua kumi kwa kumi, pale mahindi yalishakataa. Mvua ya Aprili ilipopiga nikachimba mashimo, mbegu tatu tatu, nikafukia kwa mguu. Hawe alisema nimepoteza mbegu. Wiki chache tu, majani tele.

Wakaja wawili. Paa wetu ni wale wadogo, wengine mnawaita dikidiki. Mzima ana kilo chache tu, na anaishi na mwenzake mmoja kwenye eneo lao. Maji mengi anayapata kwenye majani anayokula. Jike ni mkubwa kidogo, dume ndiye mwenye vipembe. Chini ya jicho wana doa jeusi kama wanja uliovuja. Ni tezi, ute wake wanaupaka kwenye vijiti kuweka mpaka. Nilijifunza yote hayo nikiwa nimelala kifudifudi saa kumi na mbili asubuhi, siafu wakinitafuna.

Klipu ya kwanza ilipata vyuu kuliko dansi zangu zote. Nikajiona mhifadhi, si mchezo.

Lakini paa wakizoea mahali wanaacha kujificha. Wale wawili walichora kinjia chao, kutoka kichakani moja kwa moja hadi kwenye kunde. Mtu yeyote angekiona. Na mtu alikiona.

Asubuhi moja nilikuta waya wa kitanzi umefungwa kwenye mti, majani yamevurugwa, na manyoya kidogo. Dume hakuonekana tena.

Nilijua ni nani. Huku hakuna siri. Nilienda kwake nikiwa na hasira na hotuba yangu tayari: Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, sheria ya 2013 ni kali, utafungwa. Nikamkuta na watoto wake wanakula sima. Akanikaribisha. Hakukana wala hakuogopa.

"Kijana, mimi nilimtafuta paa miaka. Wewe ndiwe uliyeniitia."

Sikumaliza hata sentensi moja ya ile hotuba. Huyu ni mtu aliyepitia ule ukame wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, misimu mitano mfululizo mvua zikikataa, na mbuzi wake walikwisha wote. Sikumripoti. Najua baadhi yenu mtaniona mnafiki, na pengine mna haki.

Usiku ule nikarudi kwa wale wazee wa Marekani, safari hii nikaangalia mfululizo wote. Majani yakianza kupukutika huko kwao, mzee yule yule yuko juu ya mti, bunduki mkononi, anaangalia kishamba chake. Video zilikuwepo siku zote. Mimi nilikuwa naishia kwenye mbegu kuota.

Jike aliendelea kuja, siku nne, peke yake, kwa kinjia kile kile. Siku ya tano nilimwomba hawe tuchume kunde zote. Tulichuma mpaka jua kali, tukang'oa na mashina, nikaziba kinjia kwa matawi ya miiba. Hawe hakuniuliza kitu. Alipika mboga ile na sima, akanituma nipeleke bakuli moja kwa jirani.

Nikapeleka.