Mpaka Ishike

Kitu cha kwanza mjomba alichouliza, ile mashine ilipokuwa ikishushwa kutoka kwenye lori, ni usukani uko wapi. Cha pili, magurudumu. Aliizunguka mara mbili, mikono mgongoni, kama mtu anayemkagua ng'ombe sokoni na hana nia ya kumnunua. Kiti kiko. Injini iko. Chini, mahali pa magurudumu, kuna rota mbili, kila moja na mapanga yake ya chuma, kama feni mbili kubwa zilizoanguka kutoka darini zikiwa bado zimeshikana.

"Sasa hii inatembea na nini?"

"Inatembea na sakafu, mama."

(Kwetu ndugu wa kiume wa mama huitwa mama pia. Nilipofanya kazi Athi River na vijana wa pwani, walinicheka wiki nzima siku waliponisikia kwenye simu nikimwamkia mama mwenye sauti nzito namna ile.)

Alinitazama kuona kama namfanyia mzaha. Sikuwa nafanya mzaha. Lakini pia sikuweza kumtazama sana machoni, kwa sababu ambayo nitaifikia.

Ilikuwa Julai, Kesses, mvua kila alasiri. Godauni lilikuwa limeshaezekwa, kuta zimesimama, limebaki tumbo tupu la udongo ulioshindiliwa, na nailoni juu yake, na vyuma juu ya nailoni. Mwenyewe alikuwa mkulima wa mahindi na ngano aliyechoka kuuza mavuno kwa bei ya msimu. Alitaka sakafu ngumu, laini, isiyotoa vumbi, ya kubeba magunia ya kilo 90 yakiwa yamepangwa hadi karibu na paa.

Mjomba alizijua sakafu. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa mwaka 1984 na majengo ya kampasi yakaanza kuinuka hapo Kesses, alikuwa kijana, akaingia kama mtu wa mkono wa kubeba maji na balasti. Alitoka akiwa fundi. Kuna madarasa pale ambayo hadi leo akipita nje yake hunyosha shingo kuangalia chini, si ubaoni. Mimi nilijifunza kwake likizo za shule. Unatandika mbao mbili juu ya zege bichi, unapiga magoti juu ya moja, unasawazisha mbele yako, unarudi nyuma kwenye ya pili, unaivuta ile ya kwanza. Mwiko kwenye mkono wa kulia, floti kwenye wa kushoto. Mnapanga watu wanane kwenye mstari mmoja, mkirudi nyuma pamoja hadi mlangoni. Siku ya pili hutaki mtu akutajie ngazi.

Wale wanane ndio sababu ya macho yangu kukwepa. Mwenye kandarasi alikuwa amenipigia simu mwezi mmoja kabla, akijua nimeendesha mashine za kumalizia sakafu Nairobi na Athi River. Aliniuliza: nikija na ya kukalia, nitahitaji mafundi wangapi wa mkono? Nilijibu bila kufikiri, kwa majivuno ya mtu anayetaka kazi. Wawili, nikasema. Wa pembeni na kwenye nguzo tu, mahali mapanga hayafiki. Mjomba alichukuliwa kuwa mmoja wa hao wawili. Wengine sita aliwaambia yeye mwenyewe, mmoja mmoja, nyumbani kwao. Hakuniuliza nani alitoa ile hesabu. Nadhani alijua.

Sasa, jinsi inavyoendeshwa. Wengi hudhani ni kama trekta, na huku kwetu kila kijana anadhani anajua trekta. Ukishika usukani wa trekta unageuza gurudumu, na gurudumu linaifuata njia uliyolionyesha. Hii haina cha kugeuza. Anza na ile ndogo ya kusukuma kwa mkono, yenye rota moja, mapanga yakizunguka kama mshale wa saa. Ukiinua mpini kidogo, mashine inakimbilia kushoto. Ukiukandamiza, inakimbilia kulia. Anayeanza hushangaa kwa sababu mwili wake unataka kusukuma kando, na kusukuma kando hakusaidii chochote. Kinachotokea ni hiki: ukiinua mpini, uzito unalalia upande wa mbele wa mapanga. Pale mbele yanapita kuelekea kulia. Sakafu inayashika, na mashine inatupwa upande wa pili. Huiendeshi wewe. Unachagua tu sakafu iishike wapi.

Ya kukalia ni hivyo hivyo mara mbili. Rota moja inafuata saa, nyingine kinyume, ndiyo maana kiti chako hakizunguki nawe. Una leva mbili. Ukizisukuma zote mbele, kila rota inainamia upande unaofaa na unakwenda mbele. Ukizivuta, unarudi. Moja mbele na nyingine nyuma, unazunguka papo hapo. Ya kulia inasogea pia kando, na hapo mashine nzima inateleza kama kaa, kitu ambacho trekta haijawahi kuota. Mguu wa kulia uko kwenye mafuta. Ukitoa mguu, mapanga yanasimama. Halafu kuna kizungusho cha kuinua makali ya mapanga: mwanzoni yamelala bapa yasizame, baadaye unayainua kidogo kidogo, eneo linaloguswa linapungua, mgandamizo unaongezeka, na sakafu inaanza kung'aa.

Mkono mwepesi ndio kila kitu. Ukivuta leva kwa nguvu, huongezi mwendo, unaongeza mwinamo tu, na makali yanachimba. Nilikuwa nayajua haya yote. Ningeweza kuyafundisha.

Zege lilianza kumwagwa asubuhi, likamalizwa saa tisa. Athi River, kwa lile jua, ningekuwa juu ya mashine kabla ya magharibi. Lakini Kesses iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na upepo wa Julai unaotoka upande wa bwawa haujui kitu kinachoitwa ratiba. Zege la baridi halina haraka. Saa moja jioni maji bado yalikuwa yanapanda juu, yaking'aa chini ya taa. Saa tatu, bado. Mjomba alikuwa amekaa kwenye mfuko wa simiti mlangoni na koti lake la jeshi, akinywa chai ya thamosi. Kila nusu saa alivua gambuti moja na kukanyaga ukingoni kwa kisigino, polepole, kisha akaiangalia ile alama na tochi ya simu. Kipimo chake kiko kwenye vitabu pia, ingawa yeye hakukitoa huko: alama ya mguu iwe kati ya milimita 3 na 6, na kadiri mashine ilivyo nzito, ndivyo unavyosubiri hadi ikaribie 3. Yangu ilizidi kilo 300 bila mimi.

"Bado haijashika," akasema saa nne.

Aliyetukodisha mashine alihesabu kwa siku. Msimamizi alikuwa ameanza kutembea akiangalia saa, akiniuliza kila akipita kama nilikuja kulala. Na kuna jambo jingine: mashine ililetwa bila zile sahani kubwa za chuma zinazofungwa chini ya mapanga kwa mzunguko wa kwanza ili kuutandaza uzito. Nilipaswa kuikataa asubuhi. Sikuikataa, kwa kuwa nilishasema watu wawili watatosha, na mtu aliyesema hivyo hawezi kuanza kulalamikia sahani.

Saa tano kasoro nilipanda.

Mita kumi za kwanza zilikuwa nzuri. Nakumbuka nilifurahi. Karibu na nguzo ya tatu palikuwa laini zaidi. Lori la mwisho lilimwaga hapo, na nilijua. Nilihisi upande wa kushoto unazama, kama unapokosa ngazi moja gizani. Nikafanya kile ambacho kila dereva wa trekta angefanya akianza kukwama. Nikaongeza mafuta na kuvuta leva zote mbili kwa nguvu nirudi nyuma. Rota zikainama, makali yakashika, na mashine ikaanza kulima. Kadiri nilivyovuta ndivyo ilivyochimba. Zege likaruka hadi ukutani. Nilikuwa na akili ya kutoa mguu, lakini mguu haukusikia akili, na sekunde zile tatu au nne zilitosha kufanya shimo ambalo ungeweza kumlaza ndama.

Kimya kiliporudi, nilisikia msimamizi akitaja jina la mama yangu mzazi vibaya. Mjomba alikuwa tayari anatafuta mbao.

Tuliitoa kwa watu watano na nguzo mbili za mikalatusi. Kisha mjomba akatoa simu yake na kupiga kwa wale waliokuwa karibu kati ya wale sita. Walikuja watatu, saa sita na nusu usiku, kwa boda moja, wamejifunika nailoni. Hakuna aliyeniambia neno. Walitandika mbao, wakapiga magoti, wakachota zege lililobaki kwenye toroli, wakajaza, wakashindilia, wakalivuta. Mimi nilishika taa. Msimamizi alisema hakuna pesa ya hao watatu. Mjomba akamwambia, "Iko. Itatoka kwa yangu." Nikasema itoke kwa yangu. "Itatoka kwa yako pia," akasema, na ndivyo ilivyokuwa.

Saa nane na robo alivua gambuti tena, akakanyaga, akamulika. Akaniita niione. Alama ya kisigino ilikuwa kama ya mtu aliyepita juu ya umande. "Sasa," akasema.

Kutoka hapo hadi alfajiri sina hadithi. Mashine ilikwenda kwa vidole. Nilipita urefu, kisha nikapita upana, nikiifunika njia ya kwanza nusu kwa nusu, nikiinua makali kila mzunguko. Sakafu ilibadilika kutoka kijivu cha uji hadi rangi ya sufuria. Mjomba alifuata kingo na mwiko wake, na kwa mara ya kwanza niliona kitu ambacho ningepaswa kukiona nikiwa na miaka kumi na minne: hajawahi kuulaza mwiko bapa kabisa. Ule upande unaotangulia huuinua kidogo, na kadiri zege linavyoshika ndivyo anavyozidi kuuinua.

Kulipokucha nilimwambia akae kwenye kiti, kwenye kipande cha mwisho kilichobaki mzunguko mmoja. Alikataa, kisha akavua kofia na kupanda. Nilitembea kando yake. Alizisukuma leva kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto, na mashine ikaondoka kwa upole ambao mimi ulinichukua miezi. Alikwenda hadi ukutani. Akazunguka. Aliporudi alikuwa ameshika leva kwa vidole viwili viwili.

"Inasimama vipi?"

"Toa mguu, mama."

Hakuutoa. Akazunguka tena.

Mwaka huo huo, Desemba, nilipita Kesses kumtembelea. Alikuwa na kazi mbili za veranda na magoti yamevimba. Nikaenda godaunini peke yangu. Ukifunga uso wa zege mapema, maji yanayopanda hunaswa chini ya ngozi ya juu, na baadaye ngozi hiyo hubanduka. Macho hayataliona hilo mwanzoni, ila ukigonga utasikia sauti tupu. Nilikuwa na shilingi ishirini mkononi. Nilianzia mlangoni, nikigonga kila hatua: imara, imara, imara. Ile sehemu waliyojaza wale watatu nilitarajia itakuwa mbaya. Ilikuwa imara. Nilichotaka kusikia hasa ni zile mita kumi za kwanza, zile nilizozifurahia kabla haijazama. Nilifika, nikakuta mavuno yameingia na magunia yamepangwa juu yake hadi karibu na paa.