Kupanda Uluguru Baada ya Alfajiri

Mgeni anayeingia Morogoro, awe amekuja kwa basi au kwa treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mwezi Juni 2024, huuona mlima kabla hajauona mji. Milima ya Uluguru imesimama upande wa kusini, nao mji umejibanza miguuni pake. Mji uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga kinachouinamia kina mita 2,138. Baina ya viwili hivyo mna mashamba ya migomba, matuta ya mboga, vijito vya maji baridi, na juu kabisa msitu wa hifadhi. Katika milima hii ndimo Mto Ruvu unamoanzia safari yake ya kwenda kuwanywesha watu wa Dar es Salaam.

Sisi tunaoishi hapa tulikuwa tukiutazama mlima huu kama mtu anavyoutazama ukuta wa jirani. Upo, basi. Waliokuwa wakiupanda ni wakulima wenye mashamba yao huko juu na wageni wenye kamera.

Hali hiyo ilikoma Ijumaa moja, pale mweka hazina wa kamati yetu ya msikiti, mtu wa miaka 53, aliposhindwa kuinuka kutoka katika sijida. Tulidhani amerefusha dua. Imamu alipotoa salamu ndipo tulipotambua kwamba ni kiharusi. Daktari alieleza kuwa shinikizo la damu lilikuwa limepanda kwa muda mrefu bila mwenyewe kujua. Alhamdulillah, roho ilisalimika, lakini upande wake wa kulia ukakataa kumtii. Siku zile tulipokwenda kumzuru tuliketi kuzunguka kitanda chake, na kila mmoja alikuwa akikitazama kitambi cha mwenzake kwa siri.

Ulipoingia Mfungo Mosi tukaazimia: kila Jumamosi, baada ya Swala ya Alfajiri na nyiradi zake, tutapanda hadi Morningside. Hilo ni jengo la kale la enzi za Wajerumani, lililojengwa kwenye bega la mlima, na kwa mwendo wa kawaida linahitaji saa mbili hivi kulifikia. Njia huanza kwa upole. Unaifuata barabara ya Boma, unazipita ofisi za serikali na miti yake mikubwa, kisha nyumba zinapungua, lami inakwisha, na sauti ya maji inaanza kusikika bondeni. Hapo ndipo mlima unapoanza kukudai.

Tuliandikishana watu 17. Daftari la mahudhurio likafunguliwa, kama ilivyo desturi ya ukatibu. Kabla ya Jumamosi ya pili tulikuwa tumekwisha kuchangishana fulana za kijani zenye jina la msikiti mgongoni. Picha zikapigwa, zikasambazwa, na watu wakatupongeza kwa mlima ambao wengi wetu tulikuwa hatujaumaliza hata mara moja.

Ukweli wa Jumamosi ile ya kwanza haukuwamo katika picha. Vijana walitoka mbio, nasi watu wazima tukaona haya kuachwa, tukawafuata. Kabla ya shamba la kwanza la migomba, mmoja alikuwa ameinama akitapika na wawili wameketi njiani. Waliofika Morningside walikuwa watatu. Na kushuka nako kulikuwa na hesabu yake. Mtu anaposhuka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya kumzuia asiporomoke huku ikivutwa, na kazi hiyo ndiyo inayoleta maumivu ya siku ya pili na ya tatu. Jumatatu tulikuwa tukiketi kwa tahiyatu kama wazee wa miaka 90.

Daftari halikujua kuficha. Jumamosi ya tatu, watu 11. Ya tano, masika ilikuwa imekolea na udongo mwekundu umekuwa kama sabuni: watu sita. Ya nane, wanne. Safu ya sababu ilijaa: harusi, msiba, safari, mvua, na mara kadhaa neno moja tu, "amelala". Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa tumeanza kwa hamasa, na hamasa ilikwisha kabla ya mlima.

Jumamosi hiyo ya nane, tulipokuwa tukipanda wanne, tulimkuta mzee mmoja mkulima ambaye tulizoea kumpita kwa haraka. Alikuwa ameketi juu ya jiwe kando ya njia, mzigo wake wa ndizi chini.

"Assalaamu alaykum. Shikamoo, mzee."

"Waalaykumu salaam. Marahaba, wanangu. Leo mmebaki wanne. Wale wenye fulana wamekwenda wapi?"

Tulicheka kwa aibu. Akatuuliza kwa nini tulikuwa tukipanda kama watu wanaofukuzwa. Tukamwambia ni mazoezi. Akatikisa kichwa, akatueleza jambo ambalo hatukulisoma chuoni.

"Mimi napumzika mahali pane. Kwenye kona ya migomba, kwenye kijito, kwenye jiwe hili, na chini kule kwenye mwembe. Nikiwa na nguvu napumzika, na nikiwa sina nguvu napumzika. Siku nikiumwa, nashuka mpaka hapa kwenye jiwe, nageuka. Lakini natoka nyumbani. Nisipotoka, kesho yake miguu inaniuliza maswali."

Tuliporudi tuliketi chini ya mwembe ule tukalizungumza neno lake. Tuliosoma vyuo vya dini tumehifadhi tangu ujana kwamba Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa amali zinazopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni zile zenye kudumu, hata zikiwa chache. Tumelihubiri hilo katika swala za usiku, katika sadaka na katika kusoma Qur'ani. Hatukuwahi kulipeleka kwenye miguu yetu. Na ni Mtume huyo huyo aliyemkumbusha Abdallah bin Amr (r.a.), alipokithirisha saumu na visimamo, kwamba mwili nao una haki yake juu ya mtu.

Basi tukaafikiana mambo matatu. La kwanza tuliliita kanuni ya mwembe: anayefika mwembeni na kurudi ameandikwa amehudhuria, sawasawa na aliyefika Morningside. Siku ya mvua, ya uchovu, ya kulala kwa kuchelewa msibani, mwembe unatosha. La pili, tutapumzika mahali palepale kila wiki, wenye nguvu na wasio na nguvu pamoja, wala hapana wa kumwacha mwenzake. La tatu, asiyeonekana hatalaumiwa wala kutaniwa. Mmoja wetu atampitia nyumbani siku hiyohiyo, amjulie hali.

Fulana tuliziacha kabatini. Hatukuziona ni haramu, bali tulihofia niya zetu. Mtu akizoea kupongezwa, siku asipopongezwa huenda asitoke.

Tulijifunza pia kwamba mlima wa mara moja kwa wiki hautoshi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na siku mbili za mazoezi ya kuimarisha misuli. Hesabu hiyo inatisha ikitazamwa kwa jumla, lakini ukiigawa ni dakika 30 kwa siku tano. Dakika hizo tulizifunga kwenye Alfajiri: tukitoka msikitini hatuendi moja kwa moja nyumbani, tunazunguka mitaa kwa mwendo wa haraka kisha ndipo kila mtu anashika njia yake. Aliyekwisha kuamka, kutawadha na kusimama safuni amemaliza sehemu ngumu ya mazoezi. Kulitafutia zoezi saa yake mpya ndiko kulikotushinda miaka yote. Tulipolipandisha juu ya saa ambayo tayari ni ya Mwenyezi Mungu, lilipata mahali pa kukaa.

Nyumbani nako kuliulizwa swali la haki: "Na sisi je?" Hatukuwa na jibu zaidi ya kukumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), mara ya kwanza Bi Aisha akamtangulia, na mara nyingine baadaye yeye akamtangulia Bi Aisha. Sasa akina mama na mabinti wana Jumapili yao. Wanavaa raba, suruali pana ndani na baibui juu, wanatembea kwa kundi hadi mwembeni, na wengine hupita mbele zaidi. Daftari lao, tunakiri, lina mapengo machache kuliko letu.

Ramadhani iliyofuata hatukusimama, tulipunguza. Tulitembea taratibu nusu saa kabla ya futari, jua likiwa limelegea na maji yakiwa karibu. Wenye kisukari na shinikizo la damu tuliwataka wazungumze kwanza na madaktari wao, kwani kuulinda mwili ni pamoja na kutoudhulumu.

Leo waliodumu ni tisa. Hawakurudi wote 17, wala hatudai kwamba watarudi. Morningside tunaifikia Jumamosi nyingi, si zote. Kule juu kuna baridi ya kumfanya mtu avute kofia masikioni, na ukigeuka unauona mji wote chini: mabati, minara ya misikiti, reli. Njiani tunapishana na akina mama wa Kiluguru wakiteremka sokoni na ndizi, karoti na kabichi vichwani. Wanatusalimu kwa upole, wala hawashangai kwamba tunahema.

Lakini Jumamosi tunayoikumbuka kuliko zote hatukufika Morningside. Mweka hazina wetu alitutumia salamu kwamba anataka kuja. Alikuja na bakora mkono wa kushoto na mwanawe upande wa kulia. Tulitoka msikitini kukiwa bado kiza, na mwendo ambao sisi huumaliza kwa dakika 40 ulichukua saa moja na nusu. Alipumzika mara nyingi kuliko zile nne za mzee. Hakuna aliyemhimiza wala aliyempiga picha. Tulipofika chini ya mwembe alikaa kwenye mzizi, akafuta jasho, akauliza kama kweli hapo panahesabiwa.

Tukamjibu kwamba ndiyo kanuni. Daftari likafunguliwa hapohapo, jina lake likaandikwa, na mbele yake neno "amehudhuria". Aliomba alione kwa macho yake, akalisoma, kisha akasema turudi, kwa kuwa Jumamosi ijayo anataka kuwahi zaidi.

Ndugu msomaji, huenda unakoishi hakuna Uluguru. Hata hivyo hukosi njia ya kutoka msikitini kwenda nyumbani, wala hukosi mwembe wako: mahali pa karibu ambapo utafika hata siku ile usiyoitaka. Uchague leo, umwambie jirani yako wa safuni, na mwende.

Wabillahi tawfiiq.