Bukavu: Wanafunzi waliozaliwa mbele ya mwaka 2007 na homa ya ini

Mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye kutimiza miaka 20 ao zaidi leo hapa Bukavu alizaliwa mbele ya mwaka 2007. Mwaka ule ndipo chanjo ya homa ya ini ya aina B iliingia katika chanjo za watoto wachanga nchini Congo. Wadogo zake waliofikishwa kwenye kituo cha afya waliipata wakiwa na wiki 6, 10 na 14, ndani ya sindano ile ile ya pepopunda na kifaduro. Yeye hakuipata, na si kosa la wazazi wake. Wakati ule haikuwepo kwenye ratiba.

Ndiyo sababu ugonjwa huu, ule waganga wanaita hepatiti, unawahusu wanafunzi kuliko wengi wao wanavyofikiri. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilihesabu kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na aina B, na milioni 50 na aina C. Watu milioni 1.3 walikufa mwaka ule juu ya ugonjwa huo. Katika kila watu 100 wanaoambukizwa upya aina B duniani, 63 ni wa Afrika.

Huku Kivu, wengi wa wale wanaokufa kwa ini hawaitwi wagonjwa wa ini. Tumbo likivimba na macho yakigeuka manjano, jirani anasema: amepewa karuho. Familia inatafuta nani alimpa sumu, ndugu wanaachana kusalimiana, na mgonjwa anapelekwa kwa mwenye dawa za miti amutapishe. Wengine wanachanjwa chale kwa wembe uliopita kwa mtu mwingine. Hapo ndipo jambo linakuwa baya mara mbili: kirusi cha aina B kinaweza kubaki hai nje ya mwili siku 7, hata katika damu iliyokauka ambayo jicho haliioni. Wembe unaotafuta kutoa sumu ndio unaweza kuingiza ugonjwa.

Msichana mmoja wa miaka 23, mwanafunzi wa uuguzi, alijua hali yake bila kuitafuta. Dada yake alizaa, akatoka damu nyingi, hospitali ikaomba ndugu watoe damu. Kama kawaida, damu ilipimwa kwanza. Ya dada ilitolewa na kaka yao; ya kwake ilikataliwa. Alipewa karatasi yenye neno moja, positif, akaificha katikati ya daftari lake wiki tatu.

Mwenzake wa chumba alipoiona, alimutengea sahani na kikombe. Mama yake mudogo naye alikuwa amekwisha kupata mtu wa kumutapisha.

— Mama mudogo, hii si karuho. Ni kirusi.

— Kirusi gani kinakaa ndani ya mtu na hakimuumi?

Swali la mama lilikuwa zuri kuliko alivyojua, maana hivyo ndivyo aina B inavyofanya. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa ao katika mwaka wake wa kwanza, ni kama mara tisa kwa kumi kirusi kinabaki mwilini. Kinaweza kukaa miaka 20 ao 30 bila maumivu, kikila ini polepole, hadi siku ini linakauka ao linapata kansa. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake unakifukuza wenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye kirusi leo pengine hakukipata kwenye saluni wala kwa mchumba. Huenda alizaliwa nacho, na mama yake pia hajui kama anacho. Hiyo inapaswa kunyamazisha midomo mingi.

Kuhusu ile sahani: aina B haipitie bugali, kikombe, kusalimiana mkono wala kulala chumba kimoja. Inapita katika damu, katika ngono bila kinga, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Wembe, mashine ya kinyozi isiyosafishwa, mswaki wa kuazimana, sindano ya tatuu: ndivyo vya kuogopa. Wanaofanya staji hospitalini wako karibu zaidi na hatari. Mtu asiye na chanjo akichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa, nafasi ya kuambukizwa ukimwi ni kama 3 kwa 1000, lakini aina B inaweza kufika 30 kwa 100. Aliyechomwa asione haya. Atoe habari saa ile ile, maana chanjo inapaswa kutolewa haraka, vema ndani ya saa 24.

Kipimo cha kwanza ni tone la damu, na jibu linatoka karibu dakika 20. Asiye na kirusi anachanjwa mara tatu: leo, kisha mwezi mmoja, kisha mwezi wa sita. Mwenye kirusi anapimwa ini, kwani si kila mtu anahitaji dawa mara moja. Anayeihitaji mara nyingi anapewa tenofovir, kidonge cha kila siku. Kwa sababu dawa hiyo inatumiwa pia kwa wagonjwa wa ukimwi, wengine wanaitupa wakiogopa kusemwa, na kuiacha ghafla kunaweza kuamsha kirusi kwa nguvu. Aina C haina chanjo, lakini inapona kwa vidonge vya wiki 8 ao 12. Na kwa wote wenye ini gonjwa, kasiksi na kanyanga ni kuongeza moto.

Kwa familia zilizohama, ratiba ya miezi sita ni ndefu sana. Watu wengi walipata sindano moja ao mbili, kisha wakakimbia. Hawahitaji kuanza upya: wapewe ile iliyobaki, hata kama miezi imepita. Karatasi ya chanjo ifungwe pamoja na kadi ya uchaguzi. Pale ambapo watu wanagawana maji machafu na vyoo vichache, kuna pia aina A na E, zinazopitia kinywani. Aina E inaweza kuua mwanamke mwenye mimba, kwa hiyo maji yake yachemshwe kwanza.

Yule msichana alipimwa ini, likakutwa zima. Hana dawa kwa sasa, anarudi labo kila miezi sita. Mchumba wake alikutwa hana kirusi, na amekwisha kupata sindano ya pili. Mama mudogo bado anasema ni karuho, lakini juma lililopita alikubali kupimwa.